Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kompaila inapogoma kwenye michoro ya DOS

Ukurasa huu ni wa vijana wa Mwanza na visiwa vya jirani wanaojifunza kuandika programu za michoro kwa mtindo wa zamani wa DOS, mfumo endeshi wa kabla ya Windows. Wengi wetu tuna laptopu za mtumba, Turbo C++ 3.0 (kompaila ya kampuni ya Borland, yaani programu inayogeuza ulichoandika kuwa programu ya mashine) iliyohamishwa kwa flashi kutoka kwa rafiki, na DOSBox 0.74 ya kuiendeshea. Majibu yameandikwa kwa mazingira hayo. Ujumbe wa makosa nimeuacha kama unavyotokea kwenye skrini, ili uweze kuulinganisha na wako herufi kwa herufi.

Nikipata kosa, nianzie wapi?

Anza kwa kujua nani amelalamika. Wako watatu, na kila mmoja ana mahali pake pa kurekebishwa. Wa kwanza ni kompaila: anasoma faili lako la .CPP na heda ulizoziita (mafaili ya .H yanayoorodhesha funksheni), anakagua sarufi, na malalamiko yake huja na namba ya mstari. Wa pili ni linka: huyu hasomi ulichoandika hata kidogo. Anachukua mafaili ya .OBJ na kuyaunganisha na maktaba za .LIB, na ujumbe wake huanza na "Linker Error" bila kutaja mstari. Wa tatu ni programu yako yenyewe, ikiwa imeshakuwa .EXE na inaendeshwa. Huyo husema "BGI Error" (BGI ni mfumo wa michoro wa Borland), au hukaa kimya na kukuachia skrini nyeusi.

Nakomalia jambo hili kwa sababu ndilo linalokula jioni za watu. Mtu anauandika upya mstari wa initgraph (funksheni inayoanzisha michoro) mara kumi, kumbe anayelalamika ni linka, na linka hajali mstari huo umeandikwaje. Mwingine anahangaika na menyu ya maktaba wakati kompaila inamwambia wazi kwamba haijaliona faili la heda. Soma neno la kwanza la ujumbe, mjue msemaji, ndipo ushike kibodi.

Halafu shughulikia kosa la kwanza tu. Kompaila ikishapotea kwenye mstari wa 12, yote inayoyasema kuanzia wa 13 ni kubahatisha. Rekebisha hilo moja, bonyeza Alt+F9 ukompaili tena, uone yamebaki mangapi. Makosa ishirini hugeuka mawili mara nyingi sana.

Kwa nini tuhangaike na DOS zama hizi?

Kwa sababu laptopu yenye RAM ya GB 2 inaiendesha bila shida, kila kitu kinaingia kwenye flashi ndogo bila kumaliza bando, na pikseli unaiweka mwenyewe kwenye anwani yake ya memori bila safu kumi za programu za watu katikati. Anayetaka kutengeneza mchezo wa kuuza ajifunze kitu kingine.

Turbo C++ haifunguki kabisa kwenye Windows yangu. Ni virusi?

Hapana. Turbo C++ ni programu ya biti 16, na Windows ya biti 64 haiziendeshi programu za aina hiyo. Ndiyo maana tunatumia DOSBox, ambayo ni emuleta: inaiga kompyuta nzima ya zamani, pamoja na kadi ya VGA ambayo IBM iliitoa mwaka 1987 na kompyuta zake za PS/2.

Kaka, kila nikibonyeza Ctrl+F9 dirisha lote linapotea na kazi yangu inakwenda. Kompaila imeharibika?

Kompaila ni nzima. Hapa kuna mgongano wa vitufe, na unawakuta karibu wote wanaoanza. Ndani ya Turbo C++, Ctrl+F9 maana yake ni endesha programu. Ndani ya DOSBox, Ctrl+F9 maana yake ni zima DOSBox papo hapo. Kwa kuwa DOSBox ndiye mwenye nyumba, anakisikia kitufe kabla ya mpangaji, anafunga mlango, na ulichokuwa hujahifadhi kimekwenda.

Kuna njia mbili. Rahisi ni kuacha kabisa kitufe hicho: bonyeza Alt+R kufungua menyu ya Run, kisha Enter kwenye Run. Njia ya kudumu ni kubonyeza Ctrl+F1, utaona picha ya kibodi nzima. Tafuta kisanduku cha ShutDown, ukiondolee kitufe chake au ukipe kingine usichokitumia, kisha uhifadhi.

Wakati huohuo fungua Options, Environment, Preferences, na kwenye sehemu ya Auto Save weka alama kwenye Editor files. Hapo Turbo C++ itahifadhi faili lako kila unapoendesha programu. Kwa sisi ambao betri za laptopu zimekufa na umeme una hiari yake, alama hiyo moja ina thamani kuliko ushauri mwingine wote wa ukurasa huu. Na F2 iwe mazoea ya kidole.

"Unable to open include file 'GRAPHICS.H'". Faili lipo, naliona kwa macho yangu!

Wewe unaliona ukiwa Windows. Kompaila inatazama kutoka ndani ya DOSBox, na diski C ya ndani si diski C ya nje.

Chukua mfano. Folda lako liko D:\DOS, na ndani yake kuna folda la TC. Ukiandika

    mount c d:\dos

basi ndani ya DOSBox utaona C:\TC, na heda ziko C:\TC\INCLUDE. Ni sawa, kwa sababu ndivyo mipangilio ya wengi inavyosema. Lakini ukiandika

    mount c d:\dos\tc

umelifanya folda la TC lenyewe kuwa diski nzima. Sasa heda ziko C:\INCLUDE, wakati kompaila bado inatafuta C:\TC\INCLUDE. Turbo C++ itafunguka vizuri kabisa, utaandika, halafu mstari wa kwanza wa programu utakataliwa.

Fungua Options, kisha Directories, utazame kilichoandikwa kwenye Include Directories na Library Directories. Kisha toka kwa File, DOS shell, uandike dir C:\TC\INCLUDE uone kama mahali hapo pana kitu. Andika exit kurudi. Ukipata "Unable to open file 'C0S.OBJ'", ugonjwa ni uleule, ila umehamia kwenye folda la LIB na msemaji ni linka. Hiyo ya kati ni sifuri, si herufi O.

"Linker Error: Undefined symbol _initgraph in module..." na heda nimeiweka. Kwa nini?

Heda ya graphics.h ni orodha ya bei iliyobandikwa ukutani dukani; mzigo wenyewe uko stoo, na stoo ni faili la GRAPHICS.LIB. Kompaila anasoma orodha, anaridhika kwamba initgraph ipo na inapokea vitu vitatu, anapita. Linka ndiye anayekwenda stoo kuchukua mzigo, na asipoelekezwa stoo ipi, anarudi mikono mitupu. Ndiyo maana _circle, _line na _closegraph hulalamikiwa kwa pamoja.

Nenda Options, Linker, Libraries, uweke alama ya X kwenye Graphics library. Kisha hifadhi mipangilio kwa Options, Save, la sivyo kesho utaanza upya. Kama unakompaili kwenye mstari wa amri, taja maktaba mwishoni:

    tcc ziwa.cpp graphics.lib

Kuna ndugu wa kosa hili: "Undefined symbol _main". Hapo hujaandika main, au umeandika Main kwa herufi kubwa. C inatofautisha herufi kubwa na ndogo, na simu nyingi hukuwekea herufi kubwa mwanzo wa mstari bila kuuliza. Anayeandika programu kwenye simu akiwa kivukoni Kamanga, halafu akaihamishia kwenye laptopu, achunguze hilo kwanza.

Imekompaili, imelinki, halafu inasema "BGI Error: Graphics not initialized (use 'initgraph')". Mbona initgraph nimeiita?

Umeiita, nayo imeshindwa kimyakimya. Ukaendelea kuchora duara, na duara ndilo lililopiga kelele. Sababu kubwa ni kwamba initgraph inahitaji faili la EGAVGA.BGI wakati programu inaendeshwa, na haikulikuta pale ulipoiambia.

Kosa la mwandishi hapa karibu daima ni alama ya \ moja. Ndani ya nukuu, C inaichukua \ kama mwanzo wa herufi maalumu. Ukiandika "c:\tc\bgi", kompaila inasoma \t kuwa tabu na \b kuwa kurudi nyuma herufi moja, na njia yako inageuka takataka. Kompaila haitalalamika, kwa sababu hiyo ni sarufi halali. Andika mbilimbili: "C:\\TC\\BGI".

Usiitumie initgraph bila kuiuliza imefikia wapi. Huu ndio mfupa ninaowapa wote:

    #include <graphics.h>
    #include <stdio.h>
    #include <conio.h>

    int main(void)
    {
        int gd = DETECT, gm, kosa;

        initgraph(&gd, &gm, "C:\\TC\\BGI");
        kosa = graphresult();
        if (kosa != grOk) {
            printf("%d: %s\n", kosa, grapherrormsg(kosa));
            getch();
            return 1;
        }

        circle(320, 240, 50);
        getch();
        closegraph();
        return 0;
    }

Namba itakayochapishwa inakwambia mengi. -1 ni kwamba michoro haijaanzishwa, -2 ni kwamba hakuna kadi ya michoro iliyogundulika, -3 ni faili la .BGI halikupatikana, -4 ni faili limepatikana lakini si sahihi (mara nyingi lilikatika wakati wa kunakiliwa), -5 ni memori haitoshi, na -8 ni faili la fonti halikuonekana. Hiyo -8 huja ukitumia settextstyle na TRIPLEX_FONT bila TRIP.CHR kuwa kwenye folda hilohilo.

Ukiondoa getch ya mwisho, duara litachorwa na kufutika kabla hujapepesa. Watu huja wakisema programu haichori. Imechora, imemaliza, imeondoka.

Nimenakili programu kutoka notisi za chuo, mistari yote ya juu ina makosa.

Bila shaka inaanza na #include <iostream> na using namespace std. Turbo C++ 3.0 ni ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kiwango rasmi cha kwanza cha C++ kilitoka 1998. Kompaila hii haijui namespace, haijui bool, haijui vector wala string. Andika #include <iostream.h>, futa mstari wa using, na mahali pa bool tumia int.

Kinyume chake pia hutokea. Anayechukua programu yetu na kuiweka kwenye Code::Blocks anaambiwa graphics.h haipo. Ni kweli haipo: ile heda ni mali ya Borland, na GCC, kompaila ambayo Code::Blocks huitumia kwa kawaida, haina.

Kosa linasema "Statement missing ;" mstari wa 18, lakini mstari wa 18 uko sawa.

Tazama wa 17. Kompaila haitambui kwamba nukta mkato imekosekana mpaka ikutane na neno lisilotarajiwa, na neno hilo liko mstari unaofuata. Ni hivyohivyo kwa "Compound statement missing }": inatajwa mwisho wa faili, wakati mabano yaliyosahaulika yako juu kabisa.

"Declaration is not allowed here"

Faili lako linaishia na .C. Kwa sheria za C za wakati ule, vigeu vyote vinatangazwa mwanzoni mwa mabano, kabla ya sentensi yoyote ya kazi. Ama upandishe int zako juu, ama ulipe faili jina la .CPP. Kama vigeu viko mahali pake na kosa bado lipo, umesahau kufunga } ya funksheni iliyotangulia.

Kwenye .CPP kuna mtego wake. Ukiandika for (int i = 0; ...) mara mbili ndani ya funksheni moja, utapata "Multiple declaration for 'i'". Kompaila za sasa zinaifuta i pale kitanzi kinapoisha, hii ya zamani inaiacha hai mpaka mabano yafungwe. Mara ya pili andika i = 0 tu.

"Function 'random' should have a prototype"

Zoezi la kwanza ninalolipenda ni ziwa usiku: anga jeusi, na taa za wavuvi wa dagaa zikiwa nukta za njano kwenye maji, kama unavyoziona ukisimama Capri Point mwezi ukiwa gizani. Mwanafunzi anaandika

    putpixel(random(640), 300 + random(120), YELLOW);

na kompaila inakataa. Kila funksheni ina heda yake, na ile ya random ni stdlib.h. Hizi ndizo zinazosahaulika: delay, int86, outportb na inportb ziko dos.h, getch na kbhit ziko conio.h, farmalloc iko alloc.h. Kama heda ipo na kosa halitoki, angalia tahajia. Wengi huandika closegragh.

Maonyo nayo niyashughulikie, au niyaache mradi programu inaendeka?

Mengine yaache, mengine ni makosa yaliyovaa nguo za heshima. "'x' is declared but never used" haina madhara. "Possibly incorrect assignment" isimamie: umeandika if (kitufe = 27) badala ya ==, 27 ni kitufe cha Esc, na mchezo wako utakuwa unajifunga wenyewe. "Code has no effect" ni kwamba umeandika closegraph; bila mabano ya (), kwa hiyo hakuna kilichoitwa. "Possible use of 'x' before definition" ni kigeu chenye takataka, na kwenye michoro takataka hiyo itakuwa mstari unaokatiza skrini usijue umetoka wapi.

"Suspicious pointer conversion" ndiyo hatari kuliko zote, na jibu lake liko swali linalofuata.

Nataka rangi 256. BGI inanipa 16 tu.

EGAVGA.BGI mwisho wake ni pikseli 640 kwa 480 kwa rangi 16. Ukitaka 256 bila kutafuta faili jingine la .BGI, achana na initgraph, uingie modi 13h mwenyewe: pikseli 320 kwa 200, baiti moja kwa kila pikseli, memori yake ikianzia A000:0000.

    #include <dos.h>
    #include <conio.h>

    unsigned char far *vga;

    void modi(int m)
    {
        union REGS r;
        r.x.ax = m;
        int86(0x10, &r, &r);
    }

    int main(void)
    {
        unsigned x, y;
        vga = (unsigned char far *)MK_FP(0xA000, 0);
        modi(0x13);
        for (y = 0; y < 200; y++)
            for (x = 0; x < 320; x++)
                vga[y * 320 + x] = (unsigned char)y;
        getch();
        modi(0x03);
        return 0;
    }

Neno far ndilo linaloleta ugomvi. Kwenye modeli ndogo ya memori (Small), pointa ya kawaida, yaani kigeu kinachoshika anwani ya memori, ina biti 16 na haiwezi kutoka nje ya sehemu yake ya data. Ya far ina biti 32: sehemu na nafasi ndani yake. Ukisahau far, au ukiipa vga kwa memset ambayo inategemea pointa fupi, faili la .C litakupa onyo la "Suspicious pointer conversion" kisha liendelee, na baiti zako zitaandikwa juu ya data ya programu yenyewe. Faili la .CPP linakataa kabisa kwa "Cannot convert", na hapo C++ imekusaidia. Tumia _fmemset, au nenda Options, Compiler, Code generation, uchague modeli ya Large.

Sasa tazama kwamba x na y nimezitangaza unsigned. int ya kompaila hii ina biti 16 na mwisho wake ni 32767. Mstari wa 102 mara 320 ni 32640, unaingia. Mstari wa 103 ni 32960, hauingii: namba inageuka hasi. Kwa pointa ya far mara nyingi utaponea, kwa sababu nafasi huzunguka ndani ya 64K. Kwa pointa ya huge, ambayo haizunguki hivyo, huponi, na nusu ya chini ya picha inakwenda kuandikwa mahali pengine. Anayesema "picha yangu inakatika katikati" nami humwuliza kwanza aina ya y.

Kama programu ikiisha na DOSBox inabaki na maandishi makubwa yaliyovurugika, umesahau modi(0x03), inayorudisha skrini ya maandishi.

"Too much global data defined in file". Nimetangaza safu mbili tu!

Safu mbili za baiti 64000 kila moja, bila shaka: moja ya kuchorea kwa siri, nyingine ya picha ya nyuma. Data yote ya jumla ya faili moja haiwezi kuzidi 64K, yaani baiti 65536. Safu moja imeijaza, ya pili haina pa kukaa.

Usijaribu kukwepa kwa kuiweka ndani ya main. Kompaila huenda ikakubali, lakini steki (memori ya vigeu vya ndani ya funksheni) ya kawaida ya Turbo C++ ni baiti 4096, na mashine itaganda. Omba memori nje:

    unsigned char far *pazia;
    pazia = (unsigned char far *)farmalloc(64000UL);

Ile UL usiione pambo. Kuna anayeandika farmalloc(320*200), na kompaila inapitisha. Lakini 320 na 200 ni int zote mbili, zao lao halitoshi kwenye biti 16, linageuka -1536. farmalloc inapokea unsigned long, kwa hiyo -1536 inakuwa 4294965760. Umeomba memori ya karibu GB 4 kwenye mashine ya KB 640. Unarudishiwa NULL (anwani sifuri, yaani umekosa), na ukiandika kwenye NULL bila kuangalia, utavuruga jedwali la intarapti (anwani ambazo mashine hurukia inapoitwa) lililoko mwanzo kabisa wa memori. Baada ya hapo chochote kinaweza kutokea. Andika if (pazia == NULL) kila mara.

Mtu ataniuliza: mbona BGI inachora 640 kwa 480, ambazo ni pikseli 307200, na dirisha la VGA ni 64K tu? Kwa rangi 16 kila pikseli ni biti nne, na VGA inazigawa kwenye matabaka manne yanayotumia anwani zilezile. Kila tabaka ni baiti 38400. Ndiyo maana kuandika moja kwa moja A000 ukiwa modi hiyo hakuleti unachotarajia.

Paleti yangu imetoka giza au rangi za ajabu.

Kila rangi kwenye VGA ina biti 6, kwa hiyo nyekundu, kijani na bluu zinakwenda 0 hadi 63. Ukichukua namba za 0 hadi 255 kutoka programu ya picha, zigawe kwa 4. Namba ya rangi inaandikwa kwenye poti 0x3C8, halafu thamani tatu mfululizo kwenye 0x3C9.

Kwangu inaendeka, nimempelekea mwenzangu wa Nansio, Ukerewe, kwa flashi haichori.

Umempelekea .EXE peke yake. Njia ya haraka: weka EGAVGA.BGI kwenye folda moja na .EXE, na kwenye initgraph andika "" badala ya njia. Njia safi ni kuliingiza faili hilo ndani ya programu. Kwenye folda la BGI andika

    bgiobj egavga

upate EGAVGA.OBJ. Liongeze kwenye projekti yako, na kabla ya initgraph andika registerbgidriver(EGAVGA_driver). Ukipata "Undefined symbol _EGAVGA_driver", umeandika mstari lakini hujaongeza .OBJ kwenye projekti. Linka tena huyo.

Na faili liwe na jina lisilozidi herufi nane. DARAJALAKIGONGO.EXE kwa DOS litakuwa DARAJA~1.EXE, mwenzio atalitafuta hadi kesho.

Mimi natumia Turbo Pascal. Programu inakufa na "Runtime error 200".

Hiyo ni kugawanya kwa sifuri ndani ya yuniti ya Crt. Ikianza, Crt huipima kasi ya mashine kwa ajili ya Delay, na prosesa yenye kasi kubwa huvuruga hesabu hiyo. Ndani ya DOSBox punguza mizunguko kwa Ctrl+F11 kisha uiendeshe tena.

Nimehamia DJGPP kukimbia 64K, sasa far na MK_FP hazikubaliki.

Na hazitakubalika. DJGPP, kazi iliyoanzishwa na DJ Delorie mwaka 1989, ni GCC ya biti 32 kwa DOS. Huko memori ni tambarare, far haina maana, na A000 huifikii kwa pointa ya kawaida kwa sababu programu yako inalindwa. Chora kwenye safu yako ya kawaida, kisha ihamishe yote kwa dosmemput(pazia, 64000, 0xA0000). Heda ni sys/movedata.h. int86 bado ipo kwenye dos.h. Programu ikigoma kuanza na kutaja "no DPMI", weka CWSDPMI.EXE, inayoitoa DPMI hiyo, kando yake.

Ushauri wangu ni kwamba usihame kabla hujaielewa far vizuri. Anayehama mapema anabeba tatizo lake kwenye mkoba.

Nimejaribu yote, nimeshindwa. Nitume nini ili nisaidiwe?

Tuma faili lenyewe la .CPP, si picha ya skrini iliyopigwa kwa simu huku taa ikimulika kioo. Tuma ujumbe wa kosa la kwanza kama ulivyo, na mstari uliotajwa. Sema umetumia toleo gani la Turbo C++, na kama ni Large au Small. Na usisahau mstari wako wa mount, kwa sababu nitakuuliza tu.